Mazoezi Magumu ya Kikundi: Namna ya Kuyapanga ili Kila Mtu Ayafanye

Kikundi cha mazoezi cha mtaani hakichagui watu. Kwenye duara moja mjini Tanga, pale Raskazone au viwanja vya Tangamano, utamkuta kijana wa bodaboda anayeruka kamba dakika kumi bila kukata pumzi, mama aliyejifungua miezi minne iliyopita, mzee anayemeza dawa za presha, binti asiyesikia, na mtu aliyekuja na kiti mwendo. Kocha akipuliza filimbi na kusema "bapi ishirini, twende!" (bapi ni burpee, lile zoezi la kushuka chini na kuinuka kwa mruko), duara linavunjika hapo hapo. Watano wanafanya, watatu wanajilazimisha vibaya, waliobaki wanasimama wakipiga makofi. Wiki ya pili hao wapiga makofi hawaonekani.

Mwongozo huu ni wa anayeongoza kikundi cha namna hiyo. Zoezi gumu libaki gumu kwa kila mmoja, kwa kipimo cha mwili wake, na lifanyike ndani ya duara lile lile kwa wakati ule ule. Kumpeleka mtu pembeni akafanye "mepesi" ni kumwambia kwa adabu kwamba aende nyumbani.

Maswali ya siku ya kwanza

Muulize mtu mpya akiwa peke yake, kabla hajaingia kwenye duara. Hakuna mama atakayetaja mbele ya vijana kwamba mkojo unamtoka akiruka. Anza na shikamoo kama amekuzidi umri, kisha uliza haya na uyaandike kwenye daftari lako:

1. Umewahi kuambiwa una tatizo la moyo, presha, kisukari, pumu, kifafa, kiharusi au selimundu?
2. Umewahi kupata maumivu ya kifua au kuzirai ukiwa unafanya kazi nzito?
3. Unatumia dawa gani, na leo umezitumia?
4. Kuna kiungo kinachouma, kilichovunjika au kilichofanyiwa upasuaji?
5. Una mimba, au umejifungua ndani ya mwaka huu?
6. Kitu gani unaweza kufanya vizuri, na unapenda nikusaidieje?

Swali la sita ndilo lenye faida kuliko yote, na ndilo makocha wengi huliruka. Mtu aliyeishi na mguu mmoja miaka ishirini anajua namna ya kuinuka kutoka chini kuliko wewe.

Aliyejibu ndiyo kwenye swali la pili asianze mpaka aonwe na mganga, zahanati ya mtaani kwake au Hospitali ya Bombo. Mwenye presha ambayo kipimo cha siku hiyo kimefika 180 kwa 110 akiwa ametulia naye asifanye mazoezi. Aende kituo cha afya. Wengine wote wana nafasi yao kwenye duara.

Uwanja, jua na vifaa

Joto la Tanga halitokani na jua peke yake. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, jasho halikauki mwilini, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, anza saa 12 asubuhi na umalize kabla ya saa 1 na nusu. Kupanga kipindi cha saa 3 asubuhi mwezi wa Februari ni kuwapangia wazee na wajawazito wazirai.

Chagua ardhi ngumu na sawa. Mchanga laini wa ufukweni unapendeza kwa picha, lakini magurudumu ya mbele ya kiti mwendo huzama, magongo hudidimia, na vifundo vya miguu hupinduka. Maji yakipwa, ule mchanga mgumu wenye unyevu unafaa kwa kutembea na kukimbia. Muulize mvuvi siku hiyo maji yanajaa saa ngapi, hasa wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, msije mkarudi mkakuta njia imemezwa. Mwenye kisukari asifanye zoezi pekupeku ufukweni: miguu yake inaweza kuwa na ganzi, akakatwa na chaza asijue mpaka kidonda kioze.

Kocha asimame akiangalia mashariki, kikundi kikiangalia magharibi. Kwa njia hiyo jua la asubuhi linamwangaza kocha usoni, asiyesikia anasoma midomo na mikono yake, na mwenye ualbino au uoni hafifu hapigwi na mwanga machoni. Kocha aliyelipa jua mgongo huonekana kama kivuli tu.

Vifaa havihitaji fedha nyingi:

- Viti vya plastiki, kimoja kwa kila watu wawili au watatu. Visikae kwenye mchanga wala vigae vilivyolowa, miguu yake huachana. Ukipandanisha viwili, vinakuwa imara zaidi na kikao kinapanda sentimita kadhaa, jambo linalomfaa mwenye magoti mabovu.
- Benchi la saruji au la mbao lenye kimo cha sentimita 40 hadi 50, na ukuta usiotikisika.
- Tyubu kuukuu za baiskeli. Kwa mji wenye baiskeli nyingi kama Tanga, fundi yeyote atakupa kwa bei ya chini. Kata sehemu yenye valvu uitupe, utabaki na mpira wa kuvuta wenye urefu wa kama mita 2. Uoshe kwa sabuni, uukague kila wiki kwa kuuvuta mbele ya macho: wenye nyufa ndogo ndogo utakatika ukamchapa mtu usoni.
- Madumu na chupa. Lita 1 ya maji ni kilo 1, hivyo chupa ya lita 1 na nusu na dumu la lita 5 tayari ni uzito wako wa kunyanyua. Usimpe mtu dumu kubwa lililojaa nusu, maji yanachezacheza na kumyumbisha. Mpe dogo lililojaa. Dumu la lita 5 likijazwa mchanga mkavu hufika kama kilo 8, na mtu huwa hajui mpaka mgongo ujibu.
- Kitambaa cha rangi kali, filimbi, saa ya simu, maji ya kunywa, maji ya kujimwagia, na sukari kwenye kopo.

Pima jitihada kwa maongezi

Makocha wengine hupenda kuhesabu mapigo ya moyo. Kwa kikundi mchanganyiko kipimo hicho kinadanganya, kwa sababu baadhi ya dawa za presha, kama atenolol na propranolol, huzuia moyo kwenda mbio. Mzee atakuwa amechoka hoi na mapigo yake bado ni ya mtu aliyekaa.

Tumia maongezi. Anayeongea sentensi nzima bila kukatika yuko kwenye 3 au 4 kati ya 10. Anayetoa maneno matatu halafu avute pumzi yuko kwenye 6 au 7. Asiyeweza hata neno amefika 9. Kwenye kupasha mwili moto kila mtu awe 3. Kwenye kazi yenyewe awe kati ya 5 na 7. Mjamzito na mgeni wabaki 4 au 5. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kijana anayeruka hewani na bibi anayesimama na kukaa kwenye kiti wote wanaweza kuwa 7. Hapo wamefanya kazi sawa.

Namna ya kulivunja zoezi

Kila zoezi lina kazi linalofanya mwilini, na lina umbo. Kazi ndiyo unayoilinda. Umbo libadilishe utakavyo. Kazi ya pushapu ni kusukuma uzito kwa kifua na mikono huku kiwiliwili kimekakamaa. Kulala chini ni umbo tu. Ukishalijua hilo, kuna mambo sita ya kugusa: kimo cha pale mtu anaposhika au kukaa, kina cha kushuka, mruko, kasi, uzito, na kitu cha kuegemea. Gusa kimoja kwanza. Kocha anayebadili vyote sita kwa mpigo huishia kumpa mtu zoezi jingine kabisa, halafu hajui lipi lilisaidia.

Majina ya ngazi yana uzito wake. Usiseme "wadhaifu", "wazee" wala "wa mwanzo". Ziite kwa mahali: ukutani, kitini, benchini, chini. "Leo chagua, ukutani, benchini au chini" ni maneno ambayo mtu hayaonei haya. Na unapoonyesha, anza na umbo la katikati, benchini, kisha onyesha juu na chini yake. Ukianza na lile gumu kuliko yote, kila mtu atalijaribu hilo, kwa sababu watu hawapendi kuonekana wameshindwa. Mzunguko mmoja kati ya mitatu kocha mwenyewe afanye la kitini, na alifanye kwa nguvu mpaka jasho limtoke.

Halafu, acha kuhesabu idadi, hesabu muda. "Bapi ishirini" humfanya mwepesi amalize na kumtazama mzito akihangaika peke yake. "Sekunde 40, kila mtu lake" humaliza wote kwa filimbi moja. Kwa kikundi cha watu wenye uwezo tofauti, badiliko hili moja lina faida kuliko mengine yote yaliyomo humu.

Bapi

Tunalipa nafasi kubwa kwa sababu ndilo linalofukuza watu wengi. Ni kuchuchumaa, kuweka mikono chini, kurusha miguu nyuma, kuirudisha, kusimama na kuruka. Kazi yake ni mbili: kuupandisha moyo haraka, na kuuzoeza mwili kutoka chini hadi juu.

Huharibika hivi. Miguu ikirushwa nyuma kwa mtu mwenye tumbo legevu, kiuno hudondoka kama kamba ya nguo iliyolegea, na kesho yake mgongo unauma. Viganja vikiwekwa mbele mno ya mabega, vifundo vya mikono huuma. Kichwa kikishuka na kupanda kwa kasi, mwenye presha anapata kizunguzungu. Na ule mruko wa mwisho unamfanya mama aliyejifungua avuje mkojo, kwa kuwa misuli ya chini ya nyonga bado haijarudi. Kuvuja si aibu wala si jambo la kuvumilia. Ni ishara kwamba mruko uondolewe, na azungumze na mkunga au mganga.

Ngazi zake, kutoka juu kwenda chini:

1. Ukutani. Simama hatua moja na nusu kutoka ukutani, weka viganja kwa kimo cha kifua. Rudisha mguu wa kulia nyuma, kisha wa kushoto, urudishe mmoja mmoja, simama wima, inua mikono juu. Hii ni ya wajawazito, wenye kizunguzungu na wanaotoka kwenye ugonjwa.
2. Benchini. Viganja kwenye ukingo wa benchi, mabega juu ya viganja. Rudi nyuma hatua mbili, kaza tumbo na makalio kwa kuhesabu moja, rudi mbele hatua mbili, simama, nyanyua visigino badala ya kuruka. Hapa ndipo watu wengi wanapaswa kuwa, hata wale wanaojiona ni wa kufanyia chini.
3. Chini kwa hatua. Viganja chini, miguu inarudi mmoja mmoja. Hakuna mruko.
4. Chini kwa mruko, kama ilivyozoeleka.

Kitini: kaa mbele ya kikao, mgongo wima. Nyoosha miguu yote miwili mbele visigino viguse chini, ikunje, shika mikono ya kiti au kingo zake na ujisukume mpaka makalio yaachane na kikao, rudi, kisha tupa mikono yote juu. Aliye kwenye kiti mwendo funga breki kwanza na ugeuze yale magurudumu madogo yaelekee mbele, kiti hakitapinduka kirahisi. Kama miguu haifanyi kazi, ainame mpaka vidole viguse miundi, ainuke kwa nguvu, apige ngumi nne mbele na mbili juu. Sekunde 40 za namna hiyo si mchezo. Ajaribu kocha mwenyewe.

Mwenye mkono mmoja aende benchini, apanue miguu zaidi ya mabega na aweke kiganja kwenye ukingo, chini ya katikati ya kifua. Asiyeona hesabiwe kwa namba ileile kila siku: moja mikono, mbili nyuma, tatu mbele, nne juu. Usibadili mpangilio wa namba bila kumwambia.

Kushuka chini na kuinuka

Wengi wanaokataa mazoezi ya chini hawaogopi zoezi. Wanaogopa kwamba hawataweza kuinuka mbele za watu. Fundisha kuinuka kama zoezi lenyewe, wiki mbili za mwanzo, kila mtu afanye:

Lala ubavu. Jisukume kwa mkono wa juu mpaka ukae kwa ubavu. Geuka kwa magoti na viganja. Tambaa hadi kwenye kiti, weka viganja vyote kwenye kikao. Leta mguu wenye nguvu mbele, unyayo wote chini. Egemea mbele, sukuma kwa mikono na mguu huo, simama. Tulia pumzi mbili kabla ya kutembea, kwa maana presha hushuka ghafla mtu anaposimama haraka.

Kiti kishikwe na mwenzake kwa nyuma. Aliyepata kiharusi aanze na mguu wa upande ulio mzima, na msaidizi akae upande uliopooza.

Kichura, pushapu, planki na kubeba

Kichura huumiza magoti wakati wa kutua. Badili kiwe kusimama na kukaa kwenye kiti: miguu nyuma kidogo ya magoti, kifua mbele, simama bila kujivuta kwa mikono, kaa taratibu kwa kuhesabu tatu. Ukitaka kiwe kigumu bila mruko, refusha kushuka mpaka hesabu ya tano au mpe dumu la lita 5 kifuani. Maumivu madogo ya goti yanayofika 3 kati ya 10 na kuisha kabla ya kesho yanavumilika. Yanayozidi hapo au yanayolifanya goti livimbe yanataka kiti kirefu zaidi.

Pushapu hufuata kimo: ukuta, meza ya kama sentimita 75, benchi, ngazi moja, chini. Viwiko visifunguke pembeni kama mbawa. Vielekee nyuma kidogo. Kwenye kiti mwendo, pitisha tyubu nyuma ya egemeo la kiti, shika ncha mbili, sukuma mbele. Lakini wanaotumia kiti mwendo husukuma magurudumu kutwa nzima na mabega yao yamechoka kusukuma. Wape kuvuta mara mbili ya kusukuma: funga tyubu kwenye nguzo, wavute viwiko nyuma mpaka mabega yakutane.

Planki, yaani kujishikilia kwa mikono na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka, ina hatari moja iliyojificha, kuzuia pumzi. Presha hupanda sana mtu akibana pumzi huku amekaza misuli. Dawa yake ni kuhesabu kwa sauti, kikundi kizima. Sauti ya mtu ikipotea, pumzi imebanwa. Wenye presha washike kwa sekunde 10, wapumzike 5, warudie. Mjamzito aliyepita miezi mitatu ya kwanza asilazwe chali muda mrefu. Afanye kwa ukuta au kwa magoti na viganja.

Kubeba madumu ni zoezi zuri kuliko linavyopewa sifa, watu wetu wanalijua tangu utotoni. Mtu abebe mikono miwili uzito sawa, au mkono mmoja abadilishane. Anayetembea na gongo aweke uzito kwenye mkoba wa mgongoni.

Mbio ambazo wote hurudi pamoja

Kukimbia kutoka Tangamano mpaka Raskazone na kurudi kunagawa kikundi vipande vitatu, na wa mwisho hukuta watu wameshaondoka. Tumia muda badala ya umbali. Wote waondoke pamoja, kila mtu kwa mwendo wake. Baada ya dakika 3, filimbi; kila mtu ageuke pale pale alipo na arudi kwa mwendo ule ule. Aliyekimbia mita 600 na aliyetembea mita 200 watafika mahali pa kuanzia takriban pamoja. Anayechelewa sana kurudi alianza kwa pupa, na hilo ni funzo lake la wiki ijayo. Barabarani filimbi haifiki mbali, kwa hiyo weka wapulizaji wawili au kila mtu atumie saa yake.

Asiyeona akimbie na mwenzake wakiwa wameshika kamba fupi nene, kila mmoja ncha yake, mikono ikienda pamoja. Kiongozi aseme kabla, si baada: "shimo mbele, hatua tatu, kulia." Asimshike mkono na kumvuta. Mwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono huenda kasi kuliko wengi, mpe njia ya lami na umwombe ajipimie kwa maongezi kama wengine.

Mambo ya kuangalia kwa baadhi ya watu

Aliyeumia uti wa mgongo sehemu za juu hatoi jasho vizuri chini ya pale alipoumia. Mwili unapata joto bila dalili. Mlowanishe shingo na mikono kwa maji kila mzunguko, mweke kivulini, na asikalishwe kwenye saruji yenye moto, hataihisi. Kila baada ya dakika 15 hadi 20 ajiinue kwa mikono au ainame upande kupunguza mgandamizo.

Mwenye mguu wa bandia hutokwa jasho ndani ya kikombe cha mguu, ngozi ikachubuka. Mpe dakika moja katikati ya kipindi akaufungue na kujifuta. Aje na soksi kavu.

Mwenye ualbino: kofia yenye ukingo mpana pande zote, mikono mirefu, losheni ya kukinga jua robo saa au zaidi kabla ya kutoka, na nafasi ya mbele kwa sababu ya macho.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi anaweza kushuka sukari. Akitetemeka, akitokwa jasho la baridi, akaanza kusema ovyo, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda yenye sukari. Subiri dakika 15. Hajakaa sawa, rudia na mpeleke hospitali. Asiyeweza kumeza usimtie kitu mdomoni; mbebeni.

Mwenye selimundu anywe maji kabla na katikati, apumzike mara mbili ya wengine, asisukumwe mpaka 8. Mwenye pumu awe na pampu yake mfukoni, si nyumbani. Mwenye matende afaidike na kutembea na kusukuma vifundo vya miguu, aoshe na kukausha mguu baadaye; siku mguu ukiwa mwekundu wenye homa apumzike. Mwenye busha avae chupi ya kubana na aache mruko.

Kwa asiyesikia, kitambaa chekundu kikipanda ni anza, kikishuka ni acha. Kikundi kizima kikifuata kitambaa pamoja na filimbi, hakuna aliyeachwa. Jifunzeni pia alama tano sita za lugha ya alama kutoka kwake mwenyewe.

Mavazi nayo ni sehemu ya usalama. Dera refu hukanyagwa mtu anaporudi nyuma kwenye bapi. Livutwe juu lifungwe kwa kanga kiunoni, suruali iwe ndani. Kwa mazoezi ya chini, panga duara vichwa vikiwa ndani na miguu nje, hapo hakuna anayekaa nyuma ya mwenzake, na akina mama hufanya bila wasiwasi. Usimguse mtu kumrekebisha kabla ya kumwomba ruhusa; mara nyingi kuonyesha kwa mwili wako kunatosha.

Kipindi cha dakika 45

Dakika 5 za mwanzo: salamu, kuangalia daftari, kuuliza. "Bibi, leo magoti yanasemaje?" Jibu lake ndilo litakaloamua kiti kimoja au viwili.

Dakika 10 kupasha mwili moto: kutembea papo hapo, kuzungusha mabega, kuinua magoti, kukunja na kunyoosha. Wa kitini wanafanya yote kwa mikono na kiwiliwili. Imbeni mchakamchaka, asiyeweza kuitikia amezidisha.

Dakika 22 za kazi: mazoezi 6, kila moja sekunde 40 kazi na 20 kupumzika, mizunguko 3, na pumziko la dakika 2 kati ya mizunguko. Mpangilio unaofaa ni bapi, kuvuta tyubu, kusimama na kukaa, pushapu, kubeba madumu, planki. Wakati wa joto kali badili iwe 30 kwa 30. Watu wasihame kutoka kituo hadi kituo. Sekunde 20 hazimtoshi mwenye magongo kufika. Watu wakae mahali pao, zoezi ndilo libadilike, vifaa viwe miguuni pa kila mtu tangu mwanzo.

Dakika 8 za mwisho: kutembea taratibu, kunyoosha, pumzi ndefu. Usiwasimamishe ghafla, damu hubaki miguuni na watu huanguka.

Ramadhani msifanye kipindi hiki mchana. Dakika 20 nyepesi kabla ya futari, au kipindi cha kawaida baada ya tarawehe huku watu wakinywa maji, vinatosha. Anayetumia insulini na amefunga apange na mganga wake kwanza.

Simamisha mara moja ukiona mtu ana maumivu ya kifua yanayopanda begani au taya, midomo imepinda au mkono umelegea, mjamzito anatoka damu au maji, au mtu amechanganyikiwa na ngozi yake inawaka moto. Huyu wa mwisho mwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, huku gari likija. Namba ya dereva wa bajaji aliye karibu na uwanja iwe kwenye simu za watu wawili kabla ya filimbi ya kwanza, na mmoja wa watu hao awe anajua njia ya mapokezi ya dharura.

Kipindi kikiisha, andika kwenye daftari mistari miwili kwa kila aliyebadilishiwa zoezi: alitumia kimo gani, na zile sekunde 10 za mwisho zilikuwaje. Aliyezimaliza vizuri vipindi viwili mfululizo, ngazi moja ishushwe kwenye zoezi hilo tu. Aliyerudi na maumivu, kimo kipande. Na asiyerudi kabisa, mpigie simu jioni hiyo hiyo umuulize zoezi lipi lilimshinda.